Walipe Kabla ya Kufunga

Mama yangu mdogo, Mwahija, hajawahi katika umri wake wote kuchelewa kulipa deni. Naanza na sentensi hiyo kwa makusudi, kwa kuwa pale Kiswere wapo hadi leo watu wanaotikisa kichwa na kusema, kwa huruma inayoniudhi kuliko matusi, "Maskini Bi Mwahija, mwaka ule cherehani yake ilikamatwa kwa deni." Haikukamatwa kwa deni. Ilikamatwa kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwa chaki na mtu ambaye hakujiuliza litasomwa na nani.

Alizaliwa Kilwa Kisiwani, akavushwa bara akiwa mwari kuja kuolewa Kiswere na fundi aitwaye Tawakali. Kwa miaka yote ya ndoa yao, Tawakali aliketi barazani na cherehani ya mguu, akapima watu, akapokea fedha pamoja na sifa. Ndani ya nyumba, mkewe alikata vitambaa, akapiga pindo, akatoboa matundu ya vifungo na kuyazungushia uzi kwa mkono. Kanzu zilizosifiwa hadi Lindi mjini kwa darizi ya shingoni zilikuwa kazi ya watu wawili, lakini jina lilikuwa moja. Tawakali alipofariki, wateja walimlilia kwa dhati, kisha wakaanza kuulizana nguo zao sasa wazipeleke wapi.

Mama mdogo alikaa eda mpaka ikaisha. Siku ya pili yake akaitoa cherehani barazani, akaitia mafuta, akaketi mahali pa marehemu mumewe. Wazee wawili waliokuwa wakipita walisimama wakacheka.

"Bi Mwahija! Siku hizi unapima wanaume viuno?"

"Nawapima kwa macho," akajibu, huku akitunga uzi. "Na wewe kwa macho yangu umekonda. Mkeo hakupikii?"

Hakuna aliyemuuliza tena. Ndani ya mwaka mmoja wanaume walewale walikuwa wakimletea suruali zao za kaki, na wake zao wakimletea vitambaa vya magauni.

Jambo moja lilikuwa likimuuma. Herufi za Kiarabu alizijua tangu chuo cha Kurani alikosoma utotoni, lakini za Kizungu zilimpita kama watu asiowafahamu. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilipofika, alikuwa wa kwanza kukaa kwenye mkeka. Alijifunza kusoma akiwa na mvi kichwani, na tangu hapo akawa hawezi kuona andiko akaliacha. Alisoma mifuko ya saruji. Alisoma makopo ya maziwa. Alisoma hata karatasi iliyofungiwa chumvi, tena kwa sauti, mpaka mwenye chumvi akamwomba amrudishie mfuko wake.

Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya wajumbe walioamua kesi yake walisema baadaye kwamba hakuelewa tangazo kwa kutojua kusoma. Alijua kusoma. Alisoma kila herufi iliyokuwapo. Tatizo lilikuwa herufi ambazo hazikuwapo.

Mwaka wa sabini na nne, watu walipokusanywa na kijiji kikawa kijiji cha ujamaa, lilifunguliwa duka la pamoja. Muuzaji wake alikuwa Nikodemo, kijana wa Nyangamara, Mkristo mwenye adabu, aliyekuwa amehudhuria kozi ya ushirika na kurudi na kalamu mbili mfukoni. Kamati ya kijiji iliamua kwamba mafundi na wavuvi waruhusiwe kuchukua bidhaa kwa mkopo, kila mmoja kwa rehani ya kifaa chake cha kazi. Mama mdogo aliandikisha cherehani. Mwezi wa saba, akiwa na fikra ya Ramadhani na Idd, ambazo kwa fundi wa nguo ndizo mavuno ya mwaka, alichukua jora zima la kitambaa cha poplini. Nikodemo mwenyewe alisaidia kumtwika.

Mlangoni palikuwa na ubao, na juu ya ubao palikuwa na tangazo hili, ambalo mama mdogo alilisoma mara mbili kabla ya kuondoka:

WENYE MKOPO WALIPE KABLA YA KUFUNGA. ATAKAYECHUKUA BAADA YA KUFUNGA ATALIPA MWEZI UNAOFUATA.

Alilipenda. Aliniambia baadaye kwamba alikwenda nyumbani akimsifu Nikodemo njia nzima. "Nilisema, tazama kijana wa watu, dini yetu si yake, lakini ameona kwamba si vizuri Mwislamu kuingia katika saumu na deni shingoni." Na ile sentensi ya pili haikumpa shaka hata kidogo: atakayechukua baada ya kufunga, yaani Ramadhani ikiisha, atalipa mwezi wa mfungo mosi, unaofuata. Kuna nini hapo cha kuuliza?

Nawaomba wasomaji walisome tena tangazo hilo kama mtu aliyezaliwa pwani, kisha watoe hukumu wenyewe.

Ramadhani ya mwaka ule iliandama katikati ya mwezi wa tisa. Siku ya mwisho ya Shaaban, mchana, mama mdogo alifungua pindo la kanga yake mbele ya Nikodemo na kuweka mezani fedha zote za jora, bila kupungua senti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutua mzigo kabla ya kufunga."

Nikodemo alizitazama zile fedha kwa huzuni. "Mama, mbona tumekwisha kufunga."

"Mmefunga? Mwezi umeonekana wapi?"

"Tulifunga tarehe ishirini na tano ya mwezi uliopita."

Hapo, anasema mama mdogo, alimtazama yule kijana upya kabisa. "Nilidhani amesilimu, tena kwa pupa, mpaka akatutangulia."

Nikodemo alieleza kwamba lililofungwa ni hesabu, na kwamba sasa pana nyongeza ya kuchelewa, senti kumi kwa kila shilingi.

"Nyongeza ndiyo nini?"

"Ni kidogo tu, mama, juu ya deni."

"Hiyo ni riba."

"Si riba. Kamati imeiita nyongeza."

"Riba ukiivalisha suruali na kuipa kalamu mbili, bado ni riba. Pokea deni lako. Hiyo nyingine siijui, na sitaingia nayo katika mwezi mtukufu."

Nikodemo alipokea deni. Nyongeza haikulipwa, na sheria ya kamati ilisema kwamba penye salio lolote, rehani ishikwe. Ramadhani ikiwa bado changa, wanaume wawili walikuja wakaibeba cherehani mabegani, wakaiweka stoo ya duka kati ya magunia ya sukari. Ndani ya nyumba ya mama mdogo zilibaki nguo za Idd za karibu nusu ya kijiji, zikiwa zimekatwa na hazijashonwa: mgongo huku, kifua kule, mikono imefungwa kwa uzi jozi kwa jozi.

Nilikuwa nikifundisha Lindi wakati huo. Nilipopata habari niliomba ruhusa, nikafika Kiswere Ramadhani ikiwa nusu. Nilimkuta amekaa barazani mbele ya alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu, akishona suruali kwa mkono, mshono mmoja kwa mmoja, macho yamemvimba.

"Mama mdogo, ni kiasi gani hicho wanachodai?"

Alinitajia. Ilikuwa bei ya viatu vya mtoto. Nikafungua mkoba.

"Esha, funga mkoba wako."

"Nitalipa mimi. Si fedha zako. Dhambi haitakuwa yako."

"Basi itakuwa ya nani? Itakuwa yako, na mimi ndiye niliyekulea. Halafu nikiketi kwenye cherehani hiyo kila siku nijiambie, hii nimeikomboa kwa riba ya mwanangu?"

"Lakini Idd imekaribia, na nguo za watu ziko ndani!"

"Naziona. Zinalala na mimi."

Sijui kama msomaji amewahi kukaa kati ya ukaidi wa mtu mwema na upumbavu wa kamati, akiwa na ufumbuzi mkononi usiokubaliwa na upande wowote. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake, kwa kuwa ualimu ni ugonjwa usiopona, niliamua kwanza aelewe hesabu za duka zinavyokwenda, maana hata siku ile bado alikuwa akiamini kwamba tarehe ishirini na tano ilikuwa imezuliwa ili kumkomoa.

Nilichukua futi yake ya kupimia nguo, nikaitandaza mkekani, nikachomeka pini tatu kwa nafasi sawa. "Kila mwezi," nilimwambia, "tarehe ishirini na tano, Nikodemo anapiga mstari. Pini hizi ni mistari hiyo. Ulichochukua kabla ya mstari ni deni la mwezi unaokwisha, na lazima ulilipe kabla ya mstari utakaofuata. Ulichochukua baada ya mstari ni deni la mwezi mpya, nalo husubiri mstari wa mbele zaidi."

Aliinama juu ya futi. "Kumbe ni kama magharibi."

"Vipi?"

"Kabla jua halijazama ni Shaaban. Likizama ni Ramadhani. Saa ileile, mtu yuleyule, lakini siku nyingine." Akaweka kidole mbele kidogo ya pini ya kwanza. "Basi aliyechukua hapa ana mwezi mmoja tu wa kutafuta fedha." Akakirusha kidole upande wa pili wa pini. "Na aliyechukua hapa, hatua moja tu, ana karibu miezi miwili."

"Ndiyo."

"Na akilipa zote kabla ya mstari wake, hakuna riba?"

"Hakuna hata senti. Kulipa nusu hakusaidii, maana nyongeza huja palepale. Zote, na kabla."

Kisha akauliza jambo nililokuwa nikiomba asiulize. "Jora langu nilichukua lini?"

"Tarehe ishirini na nne. Imeandikwa kwenye risiti yako."

Alihesabu kwa vidole. "Yaani ningesubiri siku mbili, fedha nilizopeleka juzi zingekuwa zimefika mapema."

"Mapema sana."

"Na Nikodemo alijua?"

"Alijua."

"Aliniona najitwika jora. Akanyanyua upande mmoja. Akasema, pole mama, zito. Na hakusema, mama, njoo keshokutwa?"

Tangu siku ile hachukui kitambaa cha mkopo ila asubuhi inayofuata mstari, na wanawake wa Kiswere wamemfuata, hata duka hujaa siku hiyo kama kuna msiba. Lakini kuelewa hakukumrudishia cherehani, na Idd ilikuwa ikija.

Nilikwenda dukani. Nikodemo alinisalimu kwa heshima, akanipa kigoda, jambo lililonifanya nishindwe kuanza kwa ukali niliokuwa nimeuandaa.

"Nikodemo, kwa nini hukumwambia arudi baada ya siku mbili?"

"Mwalimu, hakuniuliza. Mimi nilifunzwa kuuza, sikufunzwa kumwambia mtu asinunue."

"Vema. Mtu asiyekula mchana mwezi huu, wewe unasema amefanya nini?"

"Amefunga."

"Na mlango huu, ukiondoka jioni?"

"Nimeufunga."

"Na hesabu?"

Aliona ninakompeleka, akasita kama mbuzi aliyeonyeshwa kamba. "Lakini mwalimu, tangazo liko dukani. Tangazo la dukani litazungumzia saumu kwa sababu gani?"

"Kwa sababu kila anayelisoma anafunga!"

"Mimi sifungi," alisema Nikodemo kwa upole, na hilo nalo lilikuwa kweli. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna mwovu wa kumkasirikia. Kulikuwa na kijana aliyefundishwa lugha ya hesabu na mwanamke aliyelelewa katika lugha ya ibada, na lugha zote mbili zilikuwa Kiswahili fasaha. Hasira yangu haikupungua kwa ugunduzi huo. Iliongezeka, kwa kukosa pa kutua.

Nilidai kamati ikutane. Ilikutana alasiri, wajumbe wakiwa na midomo mikavu na subira fupi, chini ya uenyekiti wa Mzee Mfaume, mtu ambaye hupenda neno "sheria" kama watoto wapendavyo kashata. Nilisimama nikaeleza neno "kufunga" kwa maana zake zote, nikaonyesha kwamba mdaiwa alilipa deni lote kwa siku aliyoielewa kwa haki, nikaomba nyongeza ifutwe na tangazo liandikwe upya. Naamini yalikuwa maelezo safi. Mjumbe mmoja alisinzia.

"Mwalimu amesema vizuri," alisema Mzee Mfaume. "Lakini sheria ya kijiji haina tafsiri mbili."

"Mzee, wewe mwenyewe uliposoma tangazo lile ulielewaje?"

"Mimi sikukopa."

Watu walicheka. Nikasema kwamba swali langu halikuwa kuhusu kukopa. Akasema kwamba jua linazama, watu wanataka kwenda kufuturu, na kwamba kumsamehe mmoja ni kuwafundisha wote kuchelewa. Nikasema hakuna aliyechelewa. Akasema, "Basi, mwalimu, kikao kimefungwa."

"Kwa daku au bila daku?" aliuliza mzee mmoja kutoka nyuma, na kicheko kilichofuata ndicho kilichokuwa uamuzi wa kikao.

Nilirudi nyumbani. Mama mdogo alinipa uji, akaniambia, "Kunywa kwanza. Maneno hayajazi tumbo." Kisha akarudi kwenye suruali yake. Siku zilizobaki hazingetosha. Alilijua hilo vizuri kuliko mimi, na alikuwa ameanza kuzipanga zile nguo zilizokatwa katika mafungu, ili awarudishie wenyewe vipande vyao pamoja na radhi. Kwa fundi, kurudisha kitambaa kilichokatwa ni kukiri mbele ya kijiji kwamba wewe si fundi tena. Wateja wale wangehamia Lindi na wasingerudi. Alifunga fungu la kwanza, akaliweka karibu na mlango.

Fungu hilo lilikuwa la Bi Siti, mke wa Mzee Mfaume, na mwenyewe alikuja kabla hajapelekewa, baada ya tarawehe, akiwa na binti zake wawili nyuma.

"Mwahija, hodi. Tumekuja kuulizia magauni."

"Karibu, mwenzangu. Haya hapa." Mama mdogo alifungua fungu mkekani. "Huu mgongo wako. Hii mikono ya mkubwa. Hiki kifua cha mdogo, na hapa patakuja rinda."

Bi Siti alivitazama vile vipande kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake baada ya kimbunga. "Na vitaunganishwa lini?"

"Muulize mumeo. Cherehani iko kwake."

"Kwake? Iko dukani!"

"Na dukani ni kwa nani? Mimi nilidhani mwenyekiti ndiye anayefunga na kufungua."

"Nitampelekea fundi mwingine."

"Mpelekee. Lakini fundi gani atakubali mkato wa mwenzake? Atakuuliza kitambaa kilichobaki, na kitambaa hakikubaki. Mumeo alinunua cha kubana."

Binti mdogo akaanza kulia. Bi Siti alijitanda kanga vizuri, akamshika mkono, akaondoka bila kuaga. Njia nzima tulimsikia akisema peke yake, na jina alilokuwa akilitaja halikuwa la mama mdogo.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, wanaume walewale wawili waliirudisha cherehani kwa mabega yaleyale. Nyuma yao alikuja Mzee Mfaume, mwenye uso wa mtu aliyekula daku bila amani, akifuatana na Nikodemo.

"Kamati imetafakari upya," alisema mwenyekiti, akiutazama mnazi. "Nyongeza imesamehewa. Nikodemo ameandika."

Kamati haikuwa imekutana. Nililijua hilo, na kila mtu pale barazani alilijua. Hoja yangu, na lugha zangu mbili, na kikao changu kizima, havikuwa vimesogeza kitu hata upana wa kidole; gauni moja lisilo na mikono lilikuwa limemaliza kazi kabla ya alfajiri. Nilisimama.

"Mzee Mfaume, shikamoo, na ahsante. Lakini husamehewa mkosaji. Mama mdogo hakukosa. Naomba Nikodemo aandike kwamba nyongeza haikustahili, na kwenye ubao liongezwe neno 'hesabu' baada ya 'kufunga', ili mwakani asije mwingine akaingia katika..."

"Hilo la ubao nimekwisha liongeza, mwalimu," alisema Nikodemo haraka. "Leo asubuhi. Limebanana kidogo pembeni, lakini linasomeka."

"Na hilo la kustahili?"

Mwenyekiti alikohoa. Nikodemo alitazama kalamu zake. Nyuma yangu nilisikia mafuta yakitiwa, kisha gurudumu likizungushwa kwa mkono, kisha kanyagio likianza kwenda, taratibu kwanza, halafu kwa kasi.

"Kusamehewa ni doa, mama mdogo," nilisema bila kugeuka. "Watu watakuja kusema ulikuwa na deni. Watasema miaka na miaka."

"Waseme, watasema wamevaa." Kanyagio halikusimama. "Esha, hotuba yako nitaisikiliza Idd mosi, nikiwa nimekaa vizuri. Sasa nipe mkono wa kushoto wa Bi Siti."

Niliinama kwenye fungu, nikiwa bado na sentensi tatu zilizokamilika kichwani na hakuna wa kumpa, nikampa mkono.

Aliushika, akaupindua mara moja, akanirudishia.

"Wa kushoto, mwanangu," alisema.